Bahari Inaanzia Matogoro

Mwaka wa kwanza nilikaa chumba kimoja na jamaa wa Msimbati, Mtwara. Siku moja tunakula ugali na dagaa nikamchokoza: nyie watu wa pwani mmeimaliza bahari kwa baruti. Hakukasirika. Akaniuliza tu, "Kwani ndugu yangu, maji ya kwenu Songea yanaenda wapi?"

Nikanyamaza. Jibu nililijua tangu shule ya msingi. Mto Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro, hiyo hiyo tunayoiona tukiwa mjini. Unashuka hadi mpaka wa Msumbiji, unageuka mashariki, na baada ya kilomita 800 hivi unaingia Bahari ya Hindi, jirani na kwao yule jamaa. Mdomo wa mto upo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 kulinda mikoko, matumbawe na kasa.

Kuhusu baruti sikukosea. Ilikatazwa kisheria tangu 1970, bado ikaendelea kulipuka kwa miongo kadhaa toka Tanga hadi Mtwara. Mlipuko mmoja unaua samaki wakubwa, watoto na mayai, na unasaga matumbawe ambayo mengine hukua sentimita moja tu kwa mwaka. Doria zimeipunguza sana siku hizi. Lakini mvuvi anaonekana, anakamatwa na mtumbwi wake. Mimi wa bara nani ananiona?

Tuanze na udongo. Ukilima hadi ukingoni mwa mto, mvua ya masika inaubeba. Tumbawe linaishi na vijimea vidogo ndani yake vinavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Maji yakiwa tope, mwanga haufiki, na udongo ukilifunika linakosa hewa.

Mbolea ndiyo inanisumbua zaidi, maana sisi Ruvuma ni watu wa mahindi. Urea ambayo mmea haukuitumia inaoshwa na mvua. Ikifika kwenye maji yaliyotulia inastawisha mwani kupita kiasi. Mwani ukifa unaoza, na bakteria wanaouozesha wanamaliza oksijeni. Samaki wenye mbio wanakimbia, kaa na chaza wanafia hapo hapo. Kule Marekani mto Mississippi hubeba mbolea za wakulima wa bara, na kila kiangazi eneo kubwa ndani ya Ghuba ya Meksiko hubaki karibu halina uhai chini. Wengi wa wakulima wale wanaishi mbali kabisa na bahari, kama sisi tu. Mashamba yetu ni madogo kuliko yao, sawa, ila maji yanafuata kanuni ile ile.

Plastiki nitaipitia haraka, mnaijua. Mifuko ya rambo ilikatazwa 1 Juni 2019, lakini chupa za maji bado zimejaa mtaro wa nyuma ya kantini. Mnajua nani anazitupa.

Sasa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Likizo iliyopita nilichukua kamba nikaenda kupima bustani yetu, iliyopo kando ya kijito kinachoelekea Ruvuma. Mita 60 zilipita mchicha, zikapita kabichi, zikaishia katikati ya mahindi. Mama alikuwa anapalilia, akauliza nafanya nini. Nikamweleza yote, hadi habari za Msimbati.

"Kwa hiyo baba, bustani ihamie wapi?" akasema. "Hiyo unayoipima ndiyo ada yako."

Sikuwa na jibu, na sheria haina kipengele cha ada yangu. Tulichokubaliana ni kuacha hatua kumi toka kwenye maji, matete yarudi yachuje udongo, na mbolea tufukie shimoni badala ya kumwaga juu. Hatua kumi hazifiki hata mita kumi. Juzi nimempigia, kasema matete yameshaota, ila jirani wa ng'ambo kaona pako wazi, anauliza kama anaweza kupakodi.