SOMO LA WAFANYAKAZI: TUIONGEZEE PIKAPU NGUVU, AU TUIRUDISHIE NGUVU YAKE?



Kikundi chetu cha akiba, katika shamba la chai karibu na Fort Portal, magharibi ya Uganda, kina pikapu moja ya dizeli. Ni Hilux ya zamani, injini yake ni ya lita 2.8 na haina turbo. Tuliinunua kwa fedha zilizokatwa kidogo kidogo katika mishahara yetu. Hupeleka mikungu yetu ya ndizi sokoni, hurudi na unga na sabuni, na usiku hupeleka wagonjwa hospitali. Kwa hiyo pikapu hiyo ikilala, watu wengi hulala nayo.

Mkutano wetu uligawanyika juu ya jambo moja. Gari lilikuwa limekuwa zito milimani, na vijana walitaka tulifunge turbo. Wazee walisema gari ni kama punda, ukimzidishia mzigo na fimbo atakufa njiani. Kabla hatujakata shauri, dereva wetu alishauriwa na fundi mmoja wa barabarani afungue skrubu ya pampu ili dizeli iingie kwa wingi. Alifanya hivyo kwa nia njema. Kwa siku 10 gari lilikimbia vizuri, na moshi mweusi ulikuwa mwingi. Siku ya 11 gasketi ya silinda hedi ilikatika katikati ya mlima, gari likiwa limejaa ndizi. Pikapu ililala wiki 3, na ndizi ziliiva zikaoza mikononi mwetu.

Hasara hiyo ilitufundisha kwamba hatukuwa tukijua mali yetu wenyewe inavyofanya kazi. Tumeandika somo hili ili ndugu wengine wenye pikapu za vikundi wajifunze bila kulipa ada tuliyolipa sisi.

1. Nguvu ya injini inatoka wapi

Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia moto kama injini ya petroli. Pistoni huivuta hewa, halafu huibana mpaka ibaki sehemu ndogo sana. Katika injini nyingi za zamani za aina yetu hewa hubanwa zaidi ya mara 20. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la zaidi ya digrii 500 za Selsiasi. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe na kuisukuma pistoni chini. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, alifanikiwa kuendesha injini ya namna hii mjini Augsburg mwaka 1897, na kanuni yake haijabadilika mpaka leo.

Basi nguvu inahitaji vitu viwili, dizeli na hewa. Ili kilo 1 ya dizeli iungue yote, zinahitajika karibu kilo 14.5 za hewa. Kwa kipimo cha lita, lita 1 ya dizeli inataka karibu lita 10,000 za hewa ya pwani. Tukiongeza dizeli bila kuongeza hewa, sehemu ya dizeli haiungui. Hutoka kama moshi mweusi, yaani masizi, na joto ndani ya silinda hupanda. Aluminiamu huyeyuka kwenye digrii 660 hivi, na pistoni nyingi ni za aluminiamu. Kinachoiokoa ni maji na oili, ambavyo huondoa joto kadiri linavyoingia. Tulipofungua ile skrubu tuliongeza moto kuliko uwezo wa maji na oili, na gasketi ndiyo iliyotangulia kushindwa.

2. Mwinuko unakula nguvu

Wengi wetu tulidhani gari letu limezeeka tu. Lakini hewa hupungua uzito kadiri tunavyopanda juu. Kwa makadirio rahisi, injini isiyo na turbo hupoteza asilimia 10 hivi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kwenda juu. Fort Portal iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Injini kama yetu, ilipokuwa mpya, ilitoa takriban kilowati 65, yaani nguvu za farasi karibu 88. Hapa kwetu, hata ingekuwa mpya, ingetoa kilowati 55 tu. Pikapu ileile inayokwenda vizuri Mombasa itakuwa nzito Fort Portal, na nzito zaidi Kabale. Hilo si kosa la dereva wala la fundi.

Hapa vijana wana haki. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo huisukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Alfred Büchi, Mswisi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Katika nchi ya milima turbo hurudisha hewa iliyopotea kwa sababu ya mwinuko. Swali letu ni kama injini yetu inaweza kuibeba, na kama kazi yetu inaihitaji.

3. Hesabu ya kilima

Tuchukue kilima cha kilomita 4 kinachopanda mita 10 kwa kila mita 100. Gari tupu lina kilo 1,500 hivi, mzigo ni kilo 1,000, na watu na vifaa kilo 200. Jumla ni kilo 2,700. Kuupandisha uzito huo kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa kunahitaji karibu kilowati 26 kwenye magurudumu. Kwa kilomita 40 kwa saa zinahitajika karibu kilowati 35.

Injini yetu ikiwa nzima, hata hapa juu, na hata baada ya gia boksi na difu kula sehemu yake, inazo kilowati hizo na zaidi. Ikiwa inashindwa kupita kilomita 30, basi kuna nguvu inayopotea, au mzigo umezidi kilo 1,000. Sisi tulipopima mizigo yetu kwa mizani ya chai tuliona aibu, maana mara nyingi ilifika kilo 1,400.

Sasa tutazame faida ya mwendo. Kilima cha kilomita 4 kwa mwendo wa 30 kinachukua dakika 8. Kwa mwendo wa 40 kinachukua dakika 6. Tunaokoa dakika 2. Tukiwa na vilima vitatu vya namna hiyo, tunaokoa dakika 6 katika safari nzima. Kila mwanachama ajiulize dakika 6 zinanunua nini.

4. Njia za kuongeza nguvu

(a) Kurudisha nguvu iliyopotea. Fundi asafishe au abadilishe filta ya hewa na filta ya dizeli, apime nozeli, arekebishe valvu, apime mbano wa kila silinda, na aangalie kama pampu inanyunyiza kwa wakati wake. Aangalie pia kama breki zinakamata gurudumu, kama klachi inateleza, na kama matairi yaliyofungwa ni makubwa kuliko yale ya kiwandani. Tairi kubwa huyafanya magia yote kuwa mazito. Njia hii haina hatari, na ni ya kwanza kwa kila gari.

(b) Kufungua skrubu ya pampu. Habari zake tumekwisha kuzieleza. Pampu irekebishwe juu ya mashine ya kupimia, na fundi wa pampu, si kandokando ya barabara kwa kusikiliza sauti.

(c) Kufunga turbo kwenye injini isiyo nayo. Inawezekana, lakini injini ya namna hiyo inabana sana hewa tangu mwanzo, na turbo huongeza mgandamizo juu ya mgandamizo. Gasketi, silinda hedi, pistoni na beringi zote hupata kazi zaidi. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kwa hiyo inataka oili safi inayobadilishwa kwa wakati. Dereva akitoka mlimani asizime injini papo hapo, bali aiache izunguke taratibu dakika moja au mbili turbo ipoe. Atakayefunga turbo aweke pia kipimo cha joto la moshi, na rejeta iwe nzima. Injini iliyochoka ikifungwa turbo hufa mapema.

(d) Kubadilisha injini nzima. Kuna pikapu zilizotoka kiwandani na turbo, na injini zake ziliundwa kuibeba. Lakini injini mpya huja na mambo yake: klachi, gia boksi, nyaya, na namba ya injini ambayo lazima iandikishwe upya kwenye kadi ya gari.

(e) Kubadilisha maagizo ya kompyuta. Pikapu za miaka ya karibuni zinaendeshwa na kompyuta, na mafundi huweza kuiamuru itoe dizeli na hewa zaidi. Nguvu huongezeka kweli. Lakini dhamana ya kiwanda huweza kupotea, na nozeli za injini hizo, ambazo hufanya kazi kwa mgandamizo wa zaidi ya bar 1,000, haziwezi kustahimili maji wala uchafu katika dizeli. Anayenunua dizeli ya madumu asiiguse njia hii.

5. Kinachopanda lazima kishuke

Injini hupandisha gari, lakini breki ndizo zinazolishusha. Mwendo ukiongezeka mara 2, kazi ya breki huongezeka mara 4. Kutoka kilomita 40 hadi 60 kwa saa, kazi hiyo huongezeka zaidi ya mara 2. Hakuna turbo inayouzwa pamoja na breki mpya. Mara nyingi nyuma ya pikapu wanakaa wafanyakazi wenzetu juu ya magunia, bila mkanda. Kabla ya kuongeza nguvu tuangalie pedi, mafuta ya breki, springi, usukani na matairi. Kama fedha hazitoshi vyote, breki ndizo zitangulie. Tena bima iarifiwe juu ya badiliko lolote la injini, maana siku ya ajali bima huweza kukataa kulipa gari lisilolingana na maandishi yake.

6. Moshi ni suala la chama

Juni 2012 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa, IARC, liliutaja moshi wa dizeli kuwa unasababisha kansa kwa binadamu. Masizi meusi yanayotoka kwa ajili ya dizeli iliyozidi huvutwa kwanza na wapakiaji, na watoto wa kambini wanaolikimbilia gari. Tunapodai kiwandani mashine zetu zisitoe sumu, hatuwezi kuifanya pikapu yetu wenyewe iwe bomba la sumu. Gari lisiachwe linanguruma ndani ya banda, na moshi mweusi uchukuliwe kuwa ugonjwa wa kutibiwa, usisifiwe kuwa ni dalili ya nguvu.

7. Hesabu ya fedha

Bei hutofautiana, kwa hiyo hii ni hesabu ya mfano. Tuseme turbo pamoja na ufundi ni shilingi 4,000,000, na kila safari inatuachia faida ya shilingi 50,000. Lazima tufanye safari 80 zaidi ndipo fedha zirudi. Turbo ikituletea safari moja zaidi kila wiki, ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu, mbali na dizeli, oili na klachi. Lakini kama soko halina ndizi zaidi za kununua, dakika 6 tulizookoa hazileti hata senti moja. Tuseme tena kwamba matengenezo ya njia ya (a) ni shilingi 600,000. Hayo ni safari 12 tu, na gari likipunguza kulala gereji, fedha hurudi mapema.

Uamuzi wetu

Baada ya kufanya hesabu hizi pamoja, mkutano ulikubaliana mambo manne. Kwanza, pampu na nozeli zipimwe na gari lirudishiwe nguvu yake. Pili, mzigo usizidi kilo 1,000, na mizani itumike kila safari. Tatu, breki zitengenezwe kabla ya jambo lingine lolote. Nne, mtu yeyote, awe dereva au mwenyekiti, asibadilishe kitu katika injini bila idhini ya kamati.

Gari sasa linapanda kwa gia ya tatu pale lilipokuwa likipanda kwa gia ya pili, na moshi umepungua. Vijana hawakushindwa. Tumekubaliana kuweka akiba, na siku injini hii itakapochoka kabisa tutatafuta pikapu iliyotoka kiwandani na turbo yake. Na dereva wetu hatukumfukuza. Kosa lilikuwa la wote, maana tulimpa gari bila kumpa mafunzo. Sasa ndiye anayewafundisha vijana wawili kusoma vipimo vya dashibodi.

Maswali ya kujadiliana katika tawi

1. Gari au mashine yenu iko mwinuko wa mita ngapi, na inapoteza nguvu kiasi gani?
2. Mara ya mwisho mzigo wenu kupimwa ilikuwa lini?
3. Nani katika kikundi chenu ana haki ya kuamua juu ya matengenezo, na je, maamuzi yanaandikwa?
4. Mkipata shilingi 1,000,000 leo kwa ajili ya gari, mtaanza na nini, na kwa sababu gani?

Ndugu, mali ya pamoja hutunzwa kwa elimu ya pamoja. Someni somo hili kwa sauti kwa wasiojua kusoma, kisha mkaifungue boneti pamoja.