Ghala Lisilopokea: Unene na Mafuta ya Damu

Kibondo hadi Kasulu, mtu aliyenenepa bado huambiwa amependeza. Kumweleza mtu huyo kwamba tishu yake ya mafuta imeanza kushindwa kuhifadhi mafuta ni kazi ngumu, kwa kuwa macho yanaonyesha kinyume. Hata hivyo, ndivyo ilivyo.

Baada ya mlo wa ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, mafuta husagwa utumboni, hufungwa katika vichembe viitwavyo kilomikroni, kisha hupita katika mishipa ya limfu na kuingia katika damu. Vichembe hivyo ni vikubwa mno kupenya ukuta wa kapilari. Ukutani hapo hukaa kimeng'enya kiitwacho lipoprotini lipasi, ambacho huzikata trigliseridi ziwe asidi za mafuta. Nazo huingia katika seli na kuungwa upya kuwa akiba. Insulini hukiamsha kimeng'enya hicho katika tishu ya mafuta, na wakati huohuo huizuia seli isitoe akiba yake.

Katika unene, hasa wa tumbo, seli hutanuka, damu inayofikia kila gramu ya tishu hupungua, na insulini haiitikiwi ipasavyo. Watafiti wa Oxford, Uingereza, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, waliwafuatilia wanaume wembamba na wanene kwa saa 24 zenye milo mitatu. Kwa kila gramu, tishu ya wanene ilipokea mafuta machache zaidi ya chakula. Haikuwa imefurika tu na kumwaga. Ilikuwa imezubaa, kwani hata utoaji wake wa mafuta kwa gramu ulikuwa mdogo.

Mafuta yasiyopokelewa hukaa muda mrefu katika damu na kuelekea kwenye ini na misuli. Ini nalo hutengeneza vichembe vyake vya trigliseridi, ambavyo hushindana na kilomikroni kwa kimeng'enya kilekile, hivyo msongamano huzidi.

Kwa mhudumu wa zahanati, utepe wa kupimia ni chombo cha thamani kuliko wengi wanavyodhani: kiuno cha sentimita 80 au zaidi kwa mwanamke, 94 au zaidi kwa mwanamume, kinatosha kuanzisha mazungumzo. Trigliseridi ya mgonjwa aliyefunga kula inapaswa kuwa chini ya milimoli 1.7 kwa lita. Kipimo kilichopanda baada ya mlo kirudiwe kabla ya kumtisha mtu. Lakini seramu ikionekana nyeupe kama maziwa, apewe rufaa mapema, maana trigliseridi inayozidi milimoli 10 inaweza kuchochea uvimbe wa kongosho.

Kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito hushusha trigliseridi. Misuli nayo ina lipoprotini lipasi yake, ambayo huongezeka kwa mazoezi. Mkulima anayepanda kilima kwenda shambani huitumia kila siku, ilhali aliyehamia kwenye bodaboda ameiacha nyuma.