Uyoga wa Masasi na Newala: Chakula, Dawa au Sumu?



Mwenzetu mmoja ametuletea swali. Binti yake ameolewa Masasi, na kila mwaka humletea furushi la uyoga mkavu. Jirani zake humwambia kuwa ni dawa. Mkewe asema ni sumu, wala hautii chunguni. Nani mkweli? Tumeona yafaa swali hili liwe somo letu la safari hii, maana na sisi huuona uyoga chini ya mikarafuu yetu wakati wa mvua.

Kwanza tujue uyoga ni kitu gani. Uyoga si mmea. Ni tunda la kuvu, ambayo mwili wake ni nyuzi nyembamba zilizofichika udongoni. Kuvu haina rangi ya kijani kama majani, kwa hiyo haiwezi kujitengenezea chakula kwa nguvu ya jua. Nyingine hula majani na magogo yaozayo. Nyingine hulimwa na mchwa ndani ya vichuguu. Nyingine tena hufanya ushirika na mti: nyuzi huuvika mzizi zikauletea maji na madini, na mti ukazilipa sukari.

Ushirika huo ndio unaoineemesha misitu ya miombo. Mji wa Masasi umekaa kati ya vilima vya majabali, na Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ikitazama bonde la Ruvuma. Mvua za huko huanza kiasi cha Novemba au Desemba hata Aprili. Katika miezi hiyo ghala hupungua na mavuno mapya hayajaiva. Ndipo uyoga unapochipua msituni. Mwaka 2003 wataalamu Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi walitoa kitabu juu ya uyoga wa Tanzania, na namna zinazoliwa ni nyingi.

Hata jangwani mambo ni hayo. Ndugu zetu walioko Omani na nchi za Ghuba wanaijua fagaa, yenye umbo la kiazi, ichimbwayo mchangani baada ya mvua. Nayo ni tunda la kuvu, na hushirikiana na mizizi ya vijiti vidogo vya jangwani.

Je, ndani ya uyoga mna nini? Katika gramu 100 za uyoga mbichi, kiasi cha gramu 90 ni maji. Ukikauka, mara nyingi gramu 20 hadi 30 katika kila 100 huwa ni protini, ijengayo mwili. Kwa mtu alaye ugali wa muhogo, wenye protini kidogo mno, kitoweo hiki ni msaada mkubwa. Mafuta ni machache. Potasiamu ni nyingi. Ganda la chembe zake lina kitini, kitu kile kile kilichomo katika ganda la kamba na kaa, ndiyo sababu uyoga usioiva vizuri hulemea tumbo. Tena umo mafuta yaitwayo ajosteroli, ambayo yakipigwa na jua hugeuka vitamini D, ifaayo mifupa. Sisi tuanikao karafuu majamvini twaijua kazi ya jua. Kumbe kwa uyoga jua hufanya kazi mbili.

Ama kuhusu dawa, tuseme kweli. Maji ya fagaa yamejaribiwa katika maabara yakazuia baadhi ya vijidudu. Lakini chupa ya maabara si mwili wa mtu. Asitokee mwanachama akajitia maji ya uyoga jichoni, wala akaacha dawa ya hospitali. Uyoga ni chakula chema. Hilo pekee si dogo.

Sasa sumu. Uko uyoga wenye sumu iitwayo amanitini. Kuichemsha hakuiondoi, wala kuikausha. Mtu hula usiku akalala salama. Baada ya saa 6 hadi 24 huanza kutapika na kuhara. Kisha huonekana kupata nafuu, kumbe ini linaharibika, na huenda akafa. Wako wasemao fedha ikigeuka nyeusi chunguni ndipo sumu ipo, au kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama. Hayo si kweli hata kidogo. Aliyekula uyoga akaugua apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga ule, hata kama ameanza kupata nafuu.

Basi tumjibu mwenzetu. Uyoga wa binti yake, ikiwa umechumwa na wazee wa huko waujuao kwa jina na kwa mti wake, na ukapikwa ukaiva, ni chakula. Lakini ujuzi wa Masasi usihamishiwe shambani kwetu. Kuvu za mizizi ya mkarafuu ni za namna nyingine, zisizozaa uyoga. Uonao chini ya mikarafuu umeota katika vitu vioozavyo au kwa mchwa, na huenda ukafanana na ule wa Masasi kwa sura tu. Usiojulikana na uachwe pale pale, na watoto waonywe wasiuguse.

Mke wa mwenzetu hakukosea kuogopa. Alichokosa ni kuuliza uyoga ule umechumwa na nani.