SOMO LA KIKUNDI: Daraja la Watu 50 – Pesa ya Wote Igawanywe Namna Gani?

Safari hii tunawaomba mtoke kidogo kijijini, mvuke bahari, twende mpaka Marekani. Msishangae. Ile kelele ya "mbona barabara yao imetengenezwa na yetu bado?" haiko kwetu peke yake. Hata nchi tajiri inagombana kwa sababu hiyo hiyo. Na uzuri wa kuangalia ugomvi wa mbali ni kwamba hakuna jamaa yetu wala mheshimiwa wetu aliye ndani, kwa hiyo tunaweza kufikiri bila hasira.

Mtu mmoja asome sehemu moja kwa sauti, wengine wasikilize, halafu mjadiliane kabla ya kuendelea. Katibu aandike yale mnayokubaliana na yale mnayokataana.

1. PESA INAVYOGAWANYWA MAREKANI

Marekani ni muungano wa majimbo 50. Kila jimbo lina gavana wake, bunge lake na kodi zake. Juu ya majimbo yote kuna serikali ya shirikisho huko Washington, nayo inakusanya kodi yake kwa watu wote. Wanaoamua pesa hiyo iende wapi ni Kongresi, yaani mabaraza mawili. Katika Seneti kila jimbo lina viti 2, liwe kubwa au dogo. Katika Baraza la Wawakilishi viti vinategemea idadi ya watu: siku hizi California ina 52, Alaska ina 1 tu.

Pesa inatoka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hesabu: jimbo linapata kadiri ya watu wake, barabara zake na kadhalika. Njia ya pili ni kuutaja mradi kwa jina ndani ya sheria: daraja fulani, mahali fulani, dola kadhaa. Jina la Kiingereza la njia hii ya pili linatokana na desturi ya wafugaji ya kukata alama kwenye sikio la mnyama ili ajulikane ni wa nani. Wafugaji wetu wanaelewa hapo. Pesa ikishakatwa alama sikioni, hakuna mwingine wa kuigusa. Wanaoipinga njia hiyo wana jina la kejeli: wanaiita pipa la nyama ya nguruwe, ambalo kila mmoja anachovya mkono wake.

2. NI UGOMVI WA ZAMANI

Msidhani mambo haya yameanza juzi. Mwaka 1817 Kongresi ilipitisha mswada wa kutenga pesa za barabara na mifereji. New York na Pennsylvania waliutaka. Wajumbe wengi wa New England waliupinga. Rais James Madison akakataa kutia sahihi, akisema Katiba haiipi serikali ya shirikisho uwezo huo. New York hawakukaa kungoja. Walichimba mfereji wao wa Erie kwa pesa za jimbo lao wenyewe, ukamalizika mwaka 1825, nao ukawatajirisha.

Mwaka 1830 Rais Andrew Jackson alikataa barabara ya Maysville katika jimbo la Kentucky. Sababu yake ilikuwa hii: barabara hiyo yote iko ndani ya jimbo moja, kwa nini nchi nzima ilipe? Watu wa Kentucky nao walijibu kwamba barabara yao ni kipande cha njia ndefu inayosaidia wengi. Angalieni vizuri hapo. Swali la mwaka 1830 ndilo lile lile la leo: mradi wa kwetu ni wa kwetu tu, au ni wa nchi?

3. DARAJA LA KETCHIKAN

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Ketchikan ni mji mdogo wa kisiwani huko Alaska, wenye watu kama 8,000. Uwanja wao wa ndege uko kisiwa cha pili, kinachoitwa Gravina, ng'ambo ya mkondo mwembamba wa bahari. Watu wanaoishi Gravina ni kama 50 tu. Ukitaka kupanda ndege unavuka kwa feri, safari ya dakika chache.

Mwaka 2005 Kongresi ilipitisha sheria kubwa ya barabara yenye dola bilioni 286.4. Ndani yake kulikuwa na miradi zaidi ya 6,000 iliyotajwa kwa jina. Mmoja wao ulikuwa daraja la Gravina, lililotengewa dola milioni 223. Mwenyekiti wa kamati ya uchukuzi katika Baraza la Wawakilishi alikuwa Don Young, mjumbe wa pekee wa Alaska. Katika Seneti alikuwako Ted Stevens, mzee wa Alaska aliyekaa huko tangu mwaka 1968. Alaska ilikuwa na watu wachache, lakini ilikuwa na watu wawili waliokaa karibu sana na chungu.

Magazeti yakaliita "daraja la kwenda pasipo na kitu". Jina likaenea nchi nzima.

Hebu mweka hazina atusaidie hesabu. Gawa dola milioni 223 kwa watu 50 wa Gravina. Unapata dola 4,460,000 kwa kila mtu. Wazimu! Lakini daraja si la hao 50 peke yao, ni la mji pia. Gawa kwa watu 8,000 wa Ketchikan, unapata karibu dola 27,900 kwa kila mtu. Bado ni nyingi, lakini hadithi imebadilika. Mwisho gawa kwa Waamerika wote, ambao mwaka huo walikuwa karibu milioni 296. Kila mmoja ametoa kama senti 75 za dola.

Hiyo hesabu ya tatu ndiyo siri ya jambo lenyewe. Anayepokea anapokea kitu kikubwa anachokiona kwa macho, naye atampigia kura aliyekileta. Anayetoa anatoa senti tu, hata hajui zimekwenda. Lakini miradi ilikuwa zaidi ya 6,000, na senti za maelfu ya miradi si senti tena.

4. MAJI YALIPOVUNJA NEW ORLEANS

Sheria ilitiwa sahihi tarehe 10 Agosti 2005. Siku 19 baadaye, tarehe 29 Agosti, kimbunga Katrina kilipiga jimbo la Louisiana na majirani zake. Watu zaidi ya 1,000 walikufa. Daraja la barabara kuu kati ya New Orleans na mji wa Slidell lilivunjwavunjwa na mawimbi.

Mwezi wa Oktoba seneta wa Oklahoma, Tom Coburn, akasimama na hoja rahisi: pesa ya daraja la Gravina iondolewe, isaidie kujenga lile lililovunjika Louisiana. Mzee Stevens akawaka. Alisema kwamba wakilinyang'anya jimbo lake namna hiyo, yeye atajiuzulu Seneti. Kura zikapigwa. Walioiunga mkono hoja ya Coburn walikuwa 15. Walioikataa walikuwa 82.

Kabla ya kuendelea, kikundi kijiulize: hao 82 wote walikuwa watu wabaya?

5. NIBEBE NIKUBEBE

Jibu letu ni hapana. Chukueni mfano wa kata yenye vikundi kumi na mfuko mmoja wa pamoja. Kila kikundi kimekwisha andikiwa mradi wake: hawa kisima, wale mizinga, wengine mashine ya kusaga. Kikundi kimoja kinatokea na kusema, "Tuondoe mashine ya wale, tusaidie waliounguliwa na nyumba." Ni neno jema. Lakini kila mmoja anafikiri moyoni: leo wakiondoa mashine ya wale, kesho si wataondoa kisima chetu? Basi wote wananyamaza, au wanakataa. Mradi mbaya unasimama, si kwa sababu watu wanaupenda, bali kwa sababu kila mmoja analinda wake.

Hiyo ndiyo nibebe nikubebe. Ina faida yake, maana bila kupeana kidogo hakuna sheria itakayopita. Lakini inaua swali muhimu kuliko yote: kati ya mahitaji yetu yote, lipi linatangulia?

6. NANI ALIKUWA NA HAKI?

Tusikimbilie kuhukumu. Tusikilize pande zote mbili.

Watu wa Alaska walisema hivi: "Sisi tuliingia kuwa jimbo mwaka 1959 tu, wakati wenzetu walikwisha jengewa. Zaidi ya nusu ya ardhi yetu inashikiliwa na serikali ya shirikisho, hatuwezi kuitoza kodi. Hata Juneau, mji wetu mkuu, hauna barabara ya kuufikisha sehemu nyingine za jimbo. Ketchikan imebanwa na mlima na maji, haina pa kupanuka. Kiwanda chetu cha mbao na karatasi kilifungwa mwaka 1997, watu wakakosa kazi. Mkigawa kwa kuhesabu vichwa peke yake, sisi tulio wachache na tulio mbali hatutapata kitu milele."

Upande wa pili nao walikuwa na neno. Pesa za barabara za shirikisho zinatoka hasa kwenye kodi ya mafuta ya magari. Majimbo kama Texas na Florida yalilalamika miaka mingi kwamba yanatoa kuliko yanavyorudishiwa, huku Alaska ikipata mara kadhaa ya ilichotoa. Sheria hiyo ya 2005 ilijaribu kuwatuliza: kila jimbo lihakikishiwe angalau senti 90.5 kwa kila dola lililotoa, zifike 92 kufikia mwaka 2008. Walisema, "Tunakubali kumsaidia jirani mwenye shida. Lakini feri ipo na inafanya kazi. Je, hiyo ndiyo shida kubwa kuliko zote?"

Mnaona? Si vita vya wezi na watakatifu. Ni haki mbili zinazogongana: haki ya aliyesahaulika, na haki ya anayelipa.

7. ILIISHIAJE?

Mwezi wa Novemba 2005 Kongresi ilifuta amri ya kwamba pesa hiyo lazima ijenge daraja. Lakini Alaska ikaachiwa pesa, itumie itakavyoona. Haikwenda kwa hoja ile ya Louisiana. Mwaka 2006 Sarah Palin aligombea ugavana akiliunga mkono daraja. Septemba 2007, akiwa gavana, aliusimamisha mradi, maana gharama ilikuwa imefika karibu dola milioni 398 na pesa hazikutosha. Hata hivyo huko Gravina barabara ya kuelekea mahali pa daraja ilikwisha anza kujengwa. Iligharimu karibu dola milioni 25 na kumalizika mwaka 2008, ikiishia pasipo na daraja. Watu wa Ketchikan wanavuka kwa feri mpaka leo.

Kelele za kisa hiki na vingine zilifanya Kongresi kuacha kutaja miradi kwa jina kuanzia mwaka 2011. Je, nibebe nikubebe ilikwisha? Haikwisha. Wajumbe waliandika barua na kupiga simu kwa maofisa wa wizara, mahali ambapo mwananchi haoni. Mwaka 2021 njia hiyo ilirudishwa, ikiwa na masharti mapya. Mjumbe atangaze maombi yake hadharani. Athibitishe kwamba yeye na jamaa yake wa karibu hawana faida ya pesa ndani ya mradi. Makampuni ya faida yasipewe. Katika Baraza la Wawakilishi mjumbe aonyeshe kwamba wananchi wanautaka mradi huo, na mwaka huo wa kwanza asizidishe maombi 10. Bajeti ya kwanza ya namna hiyo, mwaka 2022, ilikuwa na miradi karibu 5,000 ya dola bilioni 9 hivi.

Ugomvi haujaisha. Wanaokaa kwenye kamati za bajeti bado wanapata zaidi. Na wako wajumbe wanaokataa kuomba kabisa kwa msimamo wao, nao watu wao wanalipa kodi kama wengine na mradi hawaoni. Lakini kuna tofauti moja kubwa: sasa orodha iko wazi. Anayetaka kuuliza ana mahali pa kuanzia.

8. TUKIRUDI NYUMBANI

Kenya imepita njia inayofanana. Mfuko wa CDF ulipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, pesa iligawanywa kwa hesabu: robo tatu sawasawa kwa kila eneo bunge, na robo kufuata umaskini. Hapo tuliwatangulia Waamerika, maana eneo la mbunge mdogo lilipata pia. Lakini ndani ya eneo bunge lenyewe, swali la nani aliye karibu na chungu lilibaki. Na mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria ya CDF ya mwaka 2013 ilikuwa kinyume cha Katiba, kwa sababu ilichanganya kazi ya kutunga sheria na kazi ya kuendesha miradi.

Mwaka 2020 maseneta wetu nao walivutana miezi kadhaa juu ya hesabu ya kugawia kaunti. Wenye watu wengi walitaka vichwa vihesabiwe, wenye nchi kubwa na kavu walitaka ukubwa wa nchi na umaskini viangaliwe. Ni Alaska na Texas kabisa, kwa sauti ya nyumbani.

Mambo matatu tunayapendekeza kwa kikundi. Kwanza, andikeni mahitaji yenu yote na kuyapanga kwa zamu kabla pesa haijafika. Pesa ikishafika, kila mtu anatetea lake. Pili, kikundi cha mbali au cha wachache kiwe na sehemu yake kwa kanuni, kisingoje huruma. Tatu, kila mradi uulizwe: nani atanufaika, nani analipa, na njia iliyopo imeshindwa wapi?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kama mngekuwa maseneta mwaka 2005, mngepiga kura upande gani? Kila mtu aseme sababu.
2. Ni mradi gani katika eneo letu ulioanzwa ukaishia njiani kama barabara ya Gravina? Nani aliuchagua?
3. Ni nani katika lokesheni yetu walio "Alaska", wachache na wa mbali? Walialikwa mara ya mwisho lini kwenye mkutano wa kupanga miradi?
4. Kila mmoja ataje mradi mmoja wa kikundi chake ambao yuko tayari uahirishwe ili mwenye shida kubwa atangulie.

Swali la 4 ndilo gumu. Msiliruke. Likichukua mkutano mzima, basi lichukue.