Usile Jina la Duka

Wadogo zangu, safari hii barua zimejaa mikate. Kuna aliyeko Columbus, Ohio, anafanya kazi ya zamu kwenye ghala la vifurushi. Anasema baga ameshaziacha, siku zote za kazi anakula sandwichi za Subway, mkate na mboga, sasa mbona suruali zinamkataa? Kuna wa Leeds, Uingereza, aliyeambiwa na wifi yake kwamba mkate wa Subway mahakama imeshaamua ni keki, na tangu siku hiyo hawaelewani mezani. Na kuna mmoja hakuuliza kitu, amekuja kunigombeza tu: "Dada, unashauri watu mambo ya ndoa huku wanakula plastiki!"

Nimecheka, halafu nikazisoma tena. Mnabishana kama duka ni zuri au baya, na katika barua zote hizo hakuna hata mmoja aliyetaja anaagiza nini. Mkate wa urefu gani, nyama gani, sosi ngapi, na pembeni kuna nini. Hapo ndipo ninapotaka tukae leo, kwa sababu majibu yenu yote yamejificha hapo.

Wewe wa Ohio, tuanze na wewe, maana suruali haina upendeleo. Duka la kwanza la hao Subway lilifunguliwa mwaka 1965 huko Bridgeport, Connecticut, na kijana wa miaka 17, Fred DeLuca, kwa dola 1,000 alizokopeshwa na Peter Buck, mwanafizikia aliyekuwa rafiki wa familia. Kijana alikuwa anatafuta hela ya kusomea udaktari, hakuwa na mpango wa kumpunguza mtu kiuno. Sifa ya afya ilikuja miaka mingi baadaye, hasa kuanzia mwaka 2000, kwa matangazo ya mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Indiana aliyepungua sana kwa kula sandwichi zao. Watu wakashika moja tu: ukila Subway unapungua. Namna yule mwanafunzi alivyokuwa akiagiza hawakuishika. Mchana alikuwa akichukua ndogo ya bata mzinga, usiku ndefu ya mboga tupu. Hakuna jibini, hakuna mayonezi, na alikuwa anatembea kwa miguu. Toa hayo yote, weka mipira ya nyama iliyozama kwenye sosi, jibini mara mbili na soda kubwa, halafu uendelee kusema "nakula kama yule mwanafunzi". Hapana, mdogo wangu.

Kuna utafiti wa chuo kikuu cha UCLA ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2013, nami nauona mtamu kuliko ushauri wangu wowote. Vijana 97, wenye umri wa miaka 12 hadi 21, walipelekwa kununua chakula McDonald's siku moja na Subway siku nyingine, kila mtu aagize roho yake inachotaka. Watafiti wakakusanya risiti, wakapiga hesabu. McDonald's kila mmoja alinunua wastani wa kalori 1,038. Subway, kalori 955. Tofauti ndogo mno, kitakwimu haikuwa na uzito. Lakini fungua hiyo hesabu uone kilichomo. McDonald's, chipsi na soda viliongeza kalori nyingi juu ya baga. Subway vijana walivipunguza hivyo kweli, hongera zao, ila sandwichi walizochagua zilikuwa na wastani wa kalori 784, wakati baga na sandwichi za McDonald's zilikuwa na 582. Yaani mkate wenye sifa ya afya ndio uliokuwa mzito kuliko baga yenye sifa mbaya.

Unaelewa kilichotokea? Mtu akiingia kwenye duka la baga anaingia na hatia, anajibana. Akiingia kwenye duka lililobandika picha za nyanya na letasi ukutani, anaona ameshamaliza kazi ya kujali afya kule mlangoni. Mkono unafunguka. Anachukua ya futi moja badala ya inchi 6, kwa kuwa "ni mboga tu". Anaongeza biskuti moja laini yenye vipande vya chokoleti, ambayo peke yake ina takriban kalori 200. Anafungua kopo la soda la kawaida, gramu 39 za sukari, ili kushushia. Halafu ananiandikia mimi kuhusu suruali.

Mimi sisemi hivi kuwasuta. Najua jinsi ile kaunta ilivyo. Umesimama mbele ya kioo, nyuma yako kuna foleni ya watu wanaoangalia saa, na aliyevaa glavu anakurushia maswali bila kuinua macho: mkate gani, inchi 6 au futi, jibini ipi, tukupashie, mboga zote? Jibu jepesi kuliko yote ni ndiyo. Wakati unajifikiria kama unataka sosi, chupa imeshapita juu ya mkate wako, kwenda na kurudi, mistari mitatu ya mayonezi. Na sisi tumelelewa kwamba chakula ukiwekewa hukichagui, unashukuru unakula. Adabu hiyo ni nzuri sana ukiwa ugenini kwa shangazi. Pale kwenye kaunta si mgeni, ni mteja, na umelipa. Mwambie asubiri. Mwambie sosi hutaki, au mwambie ataikamua pale utakapomwelekeza na atakomea hapo. Yule wa glavu hakasiriki, anasikia maagizo ya ajabu zaidi ya hayo tangu asubuhi.

Mimi ningekuwa nawe kwenye foleni, ningekuchagulia hivi: inchi 6, bata mzinga au kuku wa kuchoma wa kawaida asiye na sosi tamu, jibini uiache au uchukue kidogo, halafu uwaelemee kwenye mboga. Mboga ndipo wengi wenu mnapopunjika kwa aibu yenu wenyewe. Letasi, nyanya, matango, pilipili hoho, spinachi, waambie waongeze, hawatozi hela zaidi. Juu yake siki na pilipili manga, au haradali kidogo. Maji ya kunywa. Ukiona njaa bado inakusumbua kwa sababu kazi yako ni ya kubeba mizigo, ongeza nyama ya kuku kabla ya kurefusha mkate. Na usidanganywe na jodari kwa kuwa ni samaki. Samaki hana kosa, lakini pale anakuja amechanganywa na mayonezi, ndiyo maana kalori zake zinazidi za bata mzinga kwa mbali.

Tena wewe uliyeko Marekani huna kisingizio cha kutojua. Tangu tarehe 7 Mei 2018 sheria yao inayataka maduka ya vyakula yenye matawi 20 au zaidi yaandike kalori kwenye ubao wa vyakula. England nao walifuata Aprili 2022 kwa biashara zenye wafanyakazi 250 na kuendelea. Namba zipo pale juu, ndogo lakini zipo. Angalia tu ni za ukubwa gani, maana ukisoma ya inchi 6 kisha ukaagiza ya futi, hesabu unajua mwenyewe.

Haya, wifi wa Leeds. Mpe pole yake, nusu yuko sawa. Kesi ipo, na ilikuwa Ireland, si Uingereza. Mwenye maduka ya Subway huko alikuwa anataka mkate wake uhesabiwe chakula cha msingi ili usitozwe kodi ya ongezeko la thamani. Septemba 2020 Mahakama ya Juu ya Ireland ikamkatalia, kwa sababu sheria yao ya kodi inasema sukari kwenye mkate isizidi asilimia 2 ya uzito wa unga, na wa Subway ulikuwa na asilimia 10. Majaji hawakutamka neno keki, hayo yameongezwa na midomo ya watu. Walichosema ni kwamba kwa macho ya sheria ile ya kodi, huo si mkate wa msingi. Wifi akitaka kushinda mezani, aseme mkate ule una sukari nyingi kuliko mkate wa kawaida, hapo nitasimama upande wake. Wewe nawe mwambie sukari iliyo kwenye ile soda anayoinywa nao ni mara kadhaa zaidi.

Na ndugu yangu wa plastiki, nawe huna uongo, umechelewa tu. Mwaka 2014 mwandishi wa mambo ya vyakula Vani Hari aliwakusanya watu kudai kampuni hiyo iache kutumia azodikabonamidi, unga wa kulainisha mkate ambao pia hutumika viwandani kutengeneza vitu vya povu, yakiwemo mazulia ya mazoezi ya yoga. Ulaya hairuhusiwi kwenye chakula. Marekani inaruhusiwa kwa kiwango kidogo, na waoka mikate wengi tu walikuwa wanaitumia bila kelele. Kampuni ikasema iko mbioni kuiondoa, na ikaiondoa. Kitu kutumika kiwandani hakukifanyi kuwa sumu chakulani, lakini nawapongeza wale wateja. Walipiga kelele juu ya kitu kinachojulikana kwa jina, wakasikilizwa.

Habari ya jodari asiye jodari nitaipitia mbio, maana nayo mmeiuliza. Wateja wawili wa California walifungua kesi Januari 2021 wakidai ndani ya sandwichi ya jodari ya Subway hakuna jodari, kisha madai yakabadilishwa na kubadilishwa tena, na mwaka 2023 kesi ikafutwa. Gazeti la New York Times lilipeleka sampuli maabara, vinasaba vya jodari havikuonekana, lakini samaki akishapikwa na kuwekwa koponi vinasaba vyake huharibika, kwa hiyo kipimo kile hakikumsaidia yeyote.

Mnavyoshika mambo ya plastiki na vinasaba, kitu kinachowaumiza kweli hamkukitaja hata kwenye barua moja. Chumvi. Rudini kwenye utafiti wa wale vijana 97. Chakula walichonunua McDonald's kilikuwa na wastani wa miligramu 1,829 za sodiamu. Cha Subway, miligramu 2,149. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku nzima, yaani chini ya gramu 5 za chumvi, kama kijiko kimoja cha chai. Mlo mmoja, siku imekwisha, na usiku bado hujala! Chumvi hiyo huioni wala huisikii sana ulimini, kwa kuwa imegawanyika: iko kwenye mkate, kwenye jibini, kwenye achari ya matango, kwenye sosi, na zaidi ya yote kwenye zile nyama za kusindikwa zilizokatwa nyembamba, salami, pepperoni na nduguze. Nyama hizo za kusindikwa mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Ukila gramu 50 kila siku, hatari ya saratani ya utumbo mpana inapanda kwa asilimia 18. Neno la kushika hapo ni kila siku. Ya sikukuu haitakuua, ya kila zamu ndiyo ninayoikataa. Na kama kwenu kuna mama au mjomba aliyepooza upande mmoja kwa presha, sihitaji kukuelezea zaidi.

Wale mnaotaka kuniambia heri chipsi mayai za nyumbani, naomba tusianze. Ila ukiwa na dakika kumi jioni, kuku uliyemchemsha mwenyewe, kachumbari, mkate wa ngano nzima, ukafunga kwenye karatasi ya foili, umeshajitengenezea ya kesho na chumvi umeipima wewe.

Dada zangu mlioniuliza kuhusu halali: msidhani tawi moja linajibia mengine. Uingereza na Ireland kuna matawi yaliyoondoa nyama ya nguruwe na kuuza halali, iliandikwa sana mwaka 2014, na yanajitambulisha kwa kibandiko. Mengi ya Marekani hayako hivyo. Nguruwe amelala kwenye kisanduku kinachopakana na kuku, kisu ni kimoja. Omba wabadilishe glavu na wasafishe kisu, wanafanya. Kama moyo bado hautulii, chukua ya mboga au nenda duka jingine, usile huku unajiuliza.

Barua ya mwisho imetoka kwa mama wa mtoto mwenye mzio wa ufuta, anahamia London na anauliza sandwichi za madukani zina usalama gani. Mama, wako si wa kuhesabu kalori. Mwaka 2016 binti wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate wa maduka ya sandwichi ya Pret A Manger uliokuwa na ufuta ndani ya unga, na kibandiko chake hakikuutaja. Wazazi wake walipigana hadi sheria ikabadilika, na tangu Oktoba 2021 chakula kilichotengenezwa na kufungwa dukani hapohapo lazima kiandikwe viungo vyote, vya mzio vikikolezwa wino. Lakini sheria hiyo inagusa kilichofungwa tayari. Kinachotengenezwa mbele ya macho yako baada ya kuagiza hakina kibandiko, inabidi uulize mwenyewe, na uombe kuona daftari lao la vyakula vya mzio. Mkate wenye ufuta na usio na ufuta mara nyingi hukatwa juu ya ubao mmoja, na makombo hayasomi sheria. Kwa hiyo mtoto mnunulie cha kwenye pakiti, soma hadi mstari wa mwisho hata kama ulikinunua wiki iliyopita, na sindano yake ya dharura ikae kwenye mkoba unaotembea nao.