MWAVULI WA KUSHUKIA: TUUTENGENEZE, TUUPIME

Askari wa miavuli hushukaje toka kwenye ndege asivunjike? Hewa ndiyo inayomshika. Hebu tujaribu wenyewe.

Ukifika Dar es Salaam, pita soko la Mchikichini, Ilala, penye mitumba. Tafuta kitambaa cha naironi, cha koti la mvua au mwavuli mbovu. Pamba haifai sana, hewa hupenya. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, tusiihangaikie.

Kata mraba wa sentimita 60 kila upande. Kila pembe funga uzi wa sentimita 60. Nyuzi zote 4 zilingane kabisa. Moja ikiwa fupi, mwavuli unakwenda upande. Ncha zake zifunge pamoja, ning'iniza kijiwe cha gramu 50.

Uachie toka ghorofani, mita 6 hivi. Mwenzio mwenye saa asimame chini, pembeni. Jiwe tupu hufika kwa sekunde 1 na kidogo; lenye mwavuli, kama 3. Ukiyumbayumba, toboa tundu dogo katikati. Hewa iliyobanwa itapita hapo badala ya kumwagika ukingoni. Mfaransa Garnerin aliruka Paris mwaka 1797 na mwavuli usio na tundu. Aliyumba vibaya, ila alipona.

Sasa ongeza jiwe liwe gramu 200, uzito mara 4. Kasi inakuwa mara 2. Watoto wayaone haya kwa macho, kwani wapo wanaodhani mwavuli wa mvua utawashusha toka juu ya paa. Haumbebi mtu! Ule wa askari una upana wa mita 7 na zaidi.