Mhudumu hawezi kubadili mtandao? Usimtajie nywila kuu

Una ofisi Garsen na mhudumu wako yuko Chara na kompyuta iliyo kwenye domeni ya kampuni? Kama iliwekewa anwani ya IP ya kudumu ofisini, kule huenda isishike intaneti ya simu. Akijaribu kubadilisha, inamdai nywila ya msimamizi. Mto Tana ukifurika, fundi hafiki, basi bosi anaitaja nywila kwa simu. Hapo ndipo hatari inapoingia: mwenye nywila hiyo anaweza kuweka programu ya kunasa kila unachoandika, hata siri za malipo.

Fanya hivi mapema:

1. Fundi amwongeze mhudumu kwenye kundi la Windows liitwalo Network Configuration Operators. Atabadili anwani ya IP, bila kupata mamlaka yote ya msimamizi.
2. Mhudumu atoke kwenye akaunti yake, aingie tena.
3. Kama nywila kuu ilishatajwa, ibadilishe leo.

Msaidizi wa duka hupewa ufunguo wa mlango, si wa sefu. Na PIN yako je? Usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu.